Pindo la Angahewa

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja. Kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya watu. Kuanzia ukurasa huu naandika mambo ya binti yangu, ili siku watu watakapotaka kujua alikotokea wasije wakazua uongo. Alitoka kwangu. Mimi ni fundi cherehani, niliishia darasa la saba, na nilishika nafasi ya nne kati ya watoto sitini na wawili, ingawa hilo si jambo la kulirudiarudia.

Leo mwalimu wa sayansi amemteua yeye, katika shule nzima yeye, kwenda kwenye mashindano ya tarehe ishirini na nane. Shule tisa zitatoa mtoto mmoja mmoja. Wawili wa kwanza wanachukuliwa na ile shule ya bweni ya sayansi, yenye maabara ya kweli na darubini ya kutazamia nyota. Atasimama mbele ya waamuzi watatu aeleze angahewa, yaani hewa yote iliyoizunguka dunia, matabaka yake na kazi zake. Lazima awe na mfano wa kuonyesha.

Nimeanza kumwita Profesa. Hajapenda. Atazoea.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Jikoni kunavuja palepale pa mwaka jana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaambia wateja saba, na wa nane alikuwa anapita tu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kuchukua sketi yake nikamweleza yote tangu mwanzo. Alinisikiliza huku anatafuta kasoro kwenye zipu. Mwisho akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamwambia mimi sisifu, natoa taarifa.

Mume wangu ni mwashi, na mvua hizi zimemkalisha nyumbani. Anasema mtoto anasomea hewa lakini upepo wenyewe ni mama yake. Amecheka peke yake kwa muda mrefu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamua kujifunza na mimi. Huwezi kumkagua mtoto kitu usichokijua. Matabaka ni matano kutoka chini: troposfia, stratosfia, mesosfia, themosfia, eksosfia. Nimeyaandika kwa chaki kwenye ubao wa kukatia nguo, nikawa nayasoma nikikanyaga cherehani. La tatu na la nne yananipiga chenga.

Kinachoniudhi si majina. Kitabu kinasema ukipanda juu baridi inazidi. Juu! Kwenye jua! Nikamwambia Profesa kitabu kimekosewa, maana anayesogelea jiko ndiye anayeungua. Akasema hakijakosewa, mama. Nikamwambia basi nieleze. Akasema ana kazi ya hesabu, akaenda chumbani.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Nguo za wateja zinanuka unyevu hata baada ya kupigwa pasi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda shuleni kumwona huyo mwalimu. Kijana mdogo, ndevu tatu. Koti lake jeupe la maabara limemzidi vidole viwili kila bega, mikono inafunika viganja, na kalamu imelitoboa mfuko. Mtu anayeshindwa kuenea kwenye koti lake ataieneaje dunia? Nimempa jina: Mwalimu Koti.

Nilimuuliza swali langu la baridi. Akaniambia jua halipashi hewa, linapasha ardhi, na ardhi ndiyo inayopasha hewa. Nikamwambia hayo ni maneno ya kuzunguka. Akaanza tena upya, polepole, kama anavyosemeshwa mtu asiyesikia vizuri, nami hilo sikulipenda hata kidogo. Kisha akabadili habari. Alisema binti yangu anayaelewa mambo haya kuliko alivyoyaelewa yeye katika umri ule. Hapo nikamwona ana akili kiasi.

Nilipoaga akanifuata hadi kwenye ngazi.

“Mama, kwenye mfano, kumsaidia kushona kunaruhusiwa. Lakini vipimo viwe vyake.”

“Kwani nani kasema vitakuwa vyangu?”

“Hakuna, mama. Nakukumbusha tu.”

Kunikumbusha mimi vipimo. Nilitembea na mvua njia nzima nikilirudia hilo neno.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimeelewa. Naandika haraka kabla halijanitoka.

Nilikuwa napiga pasi, Profesa akaja akasimama karibu yangu. Akaniambia niilaze ile pasi ya moto juu ya bati la meza, niihesabie hadi ishirini, kisha niiondoe kabisa. Nikafanya. Akasema sasa weka kiganja karibu na bati. Moto. Akasema panda. Nikapandisha kiganja, joto likapungua, nikapandisha tena, hamna kitu. “Jua ndiyo pasi, mama. Ardhi ndiyo bati. Sisi na mawingu na mvua yote hii tuko hapo kwenye kiganja cha chini.”

Miaka kumi na minane napiga pasi, sikuwahi kuwaza hilo.

Nikamuuliza kwa hiyo huko juu ni baridi tu mpaka mwisho? Akasema hapana. Tabaka la pili lina ozoni, na hiyo inaukamata ukali wa jua, ile miale ambayo ingetuunguza ngozi na macho, na kwa kuikamata inapata joto. Tabaka la tatu joto linashuka tena kuliko kote, na huko ndiko mawe mengi ya angani yanakounguzwa kabla hayajatuangukia. La nne linapanda tena.

“Linashuka, linapanda, linashuka, linapanda,” nikasema. “Huyo ana malaria.”

Akacheka hadi akakaa chini. Ni mara ya kwanza mwezi huu. Akaniambia tusingekuwa na hewa hii, mchana tungeokwa na usiku tungeganda, hata kama kusingekuwa na haja ya kupumua. Nilitoka kibarazani nikaangalia mawingu. Ule uzito wote, na ni tabaka la chini tu. Nilijihisi kama mtu aliyefunikwa vizuri na hakuwahi kushukuru.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Sindano mbili zimevunjika. Wifi kaja kusalimu na kuuliza kama Profesa ameshahama.

Jumamosi, 22 Machi

Mfano utakuwa wa kitambaa. Wazo ni lake, lakini kitambaa na cherehani ni vyangu, kwa hiyo tumegawana. Utaning'inizwa kama pazia, ardhi chini, matabaka yakipanda kwa rangi tano. Alilaza karatasi ndefu kwenye meza ya kukatia, akachukua chaki yangu na futi, akapima na kuandika karibu nusu siku. Mimi nilikuwa na sare kumi na mbili za kukunja.

Alinieleza kila alama. Nilikuwa na pini mdomoni, nikawa naitikia kwa kichwa. Alisema nishone palepale alipoweka mstari. Alisema juu kabisa nisipakunje. Nikaitikia.

Jumanne, 25 Machi

Leo yuko shuleni, nimeitoa ile karatasi nianze kukata. Nilikaa nayo muda mrefu. Sitaki kumsema mwanangu, lakini mistari ile ni aibu. Tabaka la kwanza kalipa vidole viwili. Viwili! Tabaka tunaloishi, lenye mvua yote na watu wote, limekuwa kama mkanda wa suruali. La pili na la tatu vidole vitano vitano. La nne refu kuliko mkono wangu. Na kule juu eti kitambaa kiachwe bila pindo, nyuzi zichambuliwe zining'inie.

Nikajua kilichotokea. Mtoto alichoka, akapima ovyo. Mbele ya waamuzi watatu, shule nane nyingine zikitazama, mwanangu asimamishe kitu kilichokatwa kama na panya? Na wote wanajua mama yake ni fundi?

Nikakunja karatasi, nikapima upya. Matabaka matano, kila moja shibiri na nusu, sawasawa, huwezi kupitisha uzi katikati ya moja na jingine. Juu nimepiga pindo la mishono miwili. Kitambaa kisicho na pindo hakijaisha, ndivyo nilivyofundishwa na aliyenifundisha kazi.

Jumatano, 26 Machi

Nashona. Mvua imeacha asubuhi, imerudi mchana. Mume wangu kauliza mbona sioni ile karatasi ya mtoto. Nikamwambia aende akajenge.

Alhamisi, 27 Machi

Kimekwisha. Nimekitundika mlangoni na watu wamekuja kuona. Kijani, buluu, zambarau, chungwa, nyeusi. Mwenye duka la dawa alisema hajawahi kuona mshono kama ule. Hata wifi aligusa pindo akanyamaza, na wifi yangu hanyamazi bure. Kila aliyekuja nilimwambia nimekishona mimi kwa siku mbili, mkono wangu, bila kufumua hata mara moja.

Profesa alirudi watu wakiwa bado wapo. Alisimama mlangoni na mkoba mgongoni. Akaangalia juu hadi chini, akaja, akapitisha kidole kwenye pindo la juu, akaenda, akarudi.

“Umependa?” nikamuuliza.

“Sawa, mama.”

Furaha imemziba mdomo. Hakula vizuri. Ni wasiwasi wa kesho tu, ni kawaida.

Ijumaa, 28 Machi

Sina hamu ya kuandika lakini nikiacha nitapasuka.

Wazazi hatukuruhusiwa kuingia. Tulikalishwa kwenye benchi nje ya ukumbi, mvua inapiga bati hata nikitega sikio sisikii. Nilimwambia mama aliyekaa kulia kwangu kuhusu Profesa, na wa kushoto pia, na mlinzi. Watoto waliingia mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na puto, mwingine ndoo na chupa. Wangu alipita na furushi letu kifuani, nikampungia, hakuona.

Alikaa ndani muda mrefu kuliko wote. Nikawaambia hao jirani zangu kwamba wamemshika kwa sababu hawataki kumwachia.

Wametangaza mchana. Watatu wa juu walisomwa, na wangu ni wa tatu. Wanachukua wawili.

Nilimngoja pembeni mwa ngazi. Nikamuuliza nini kimetokea. Akasema walimuuliza maswali akasahau.

“Umesahau nini? Mimi mwenyewe nayajua!”

“Nilisahau, mama. Twende.”

Nikamsema. Najua nilimsema, barabarani, mbele ya watu, na mvua ikitunyeshea wote wawili. Nikamkumbusha pasi na bati. Nikamwambia troposfia, stratosfia, mesosfia, nikayataja yote matano bila kukosea, nikamuuliza kama mwanamke wa darasa la saba anaweza, yeye alishindwa na nini? Alibeba furushi mpaka nyumbani, akaliweka chini ya kitanda chake.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua.

Jumatano, 2 Aprili

Kila mtu anauliza. Nilifikiri habari njema ndiyo inayokwenda mbio. Mwenye duka la dawa kaniuliza, muuza mkaa kaniuliza, na yule wa nane aliyekuwa anapita tu, naye kapita tena. Nawajibu mtoto aliingiwa na woga, akasahau. Wananipa pole, na pole zao zina chumvi ndani.

Wifi alikaa kwenye kiti cha wateja nusu saa. Akasema kusahau ni ugonjwa wa nyumba, hata sketi yake mimi nilisahau kuiwekea mfuko. Nilimshonea mfuko huo hapohapo, sikutaka arudi.

Profesa anakula, anasoma, analala. Akiulizwa kitu anajibu neno moja. Mume wangu anasema nimwache apumue. Nikamwambia hewa ipo ya kutosha.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekosea kola mbili kwa siku moja. Haijawahi kutokea.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilikwenda shuleni kupeleka sare za michezo. Mwalimu Koti alikuwa kwenye maabara, akifuta meza. Sikupanga kugombana, lakini nilipomwona maneno yalitangulia. Nikamwambia alimpeleka mtoto akiwa hajaiva. Nikamwambia mtu anayejua kufundisha hawezi kutoa mtoto anayesahau tabaka la pili.

Aliacha kufuta. Akauliza nani kasema alisahau.

“Yeye mwenyewe.”

Akafungua droo, akatoa karatasi ya waamuzi, akaigeuza inielekee. Akanivutia kiti. Nilikataa kiti, kisha nikakikalia.

Maelezo na maswali: hamsini na nane kati ya sitini. Hakuna mtoto mwingine aliyefika hamsini. Mfano: kumi na moja kati ya arobaini. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu, na nimeyashika kama yalivyo: *Matabaka yamepewa upana mmoja. Mpaka wa juu umefungwa, ilhali angahewa haina mwisho ulio wazi. Mshono mzuri.*

Nilisoma mara tatu. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyoniua.

Mwalimu hakunicheka. Alinieleza taratibu, na safari hii sikuona kama ananisemesha kiziwi. Tabaka la chini ni jembamba kweli, ndivyo lilivyo, ila hewa imesongamana mle, sehemu kubwa kabisa ya hewa yote. La nne ni pana mno na karibu tupu. Na juu hakuna pindo. Hewa inapungua, inapungua, hadi huwezi kusema imeishia hapa. Zile nyuzi alizotaka zichambuliwe ndizo zilikuwa jibu.

Nikamuuliza kwa nini mtoto hakuwaambia waamuzi hayo. Akatazama meza. Akasema waamuzi walimuuliza hasa hilo, kwa sababu alichokieleza kwa mdomo hakikufanana na alichokitundika. Walimuuliza vipimo ni vya nani.

“Akasema nini?”

“Akasema ni vyake.”

Nimerudi kwa miguu. Hakukuwa na mvua, na ningependa iwepo.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilimngoja amalize kufua. Nikamwambia nimeiona karatasi ya waamuzi. Aliendelea kukamua shati lililokwisha kukamuka.

“Kwa nini ulisema umesahau?”

“Ulikuwa umeshawaambia watu.”

“Niliwaambia nini?”

“Kwamba umekishona wewe. Mwenye duka la dawa alikuwepo. Shangazi alikuwepo. Ningesema nini mama, mbele ya shangazi?”

Shangazi ndiye wifi yangu. Alimficha mama yake asichekwe na wifi, akajivika yeye upumbavu, na mimi nikamsema kwa upumbavu huo njia nzima. Wiki mbili nimewaambia watu mwanangu ni msahaulifu. Nilijaribu kumwomba radhi, nikakuta sina mazoezi. Nilisema vipimo vyako vilikuwa sahihi. Akasema najua. Nikasema mimi ndiye niliyekosea. Akasema najua, mama. Akaanika shati.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeanza na muuza mkaa, kwa kuwa yuko karibu. Nikamwambia yule mtoto hakusahau kitu, alipata hamsini na nane kati ya sitini, mama yake ndiye aliyekata vibaya. Kisha mwenye duka la dawa. Kisha wateja wote wa leo, kila mmoja kabla sijamchukua vipimo. Mmoja alitaka kujua kama bado nitamkatia gauni lake. Nikamwambia akae wima.

Kwa wifi nilikwenda kwake, mwenyewe, kwa miguu yangu. Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilingoja ateme sumu, nilikuwa nimejiandaa, hata majibu nilikuwa nayo mawili mazuri.

Aliendelea kuchambua. Akasema, “Na yule mtoto alijua siku ile ile, mlangoni?”

“Alijua.”

“Na mimi nimekaa hapo nikishika pindo.” Akasogeza ungo, akanipa nafasi kwenye mkeka. “Keti, wifi. Nisaidie huku, wewe macho unayo.”

Sijui nimfikirieje sasa. Ni rahisi zaidi kumchukia.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilidhani Profesa atafurahi. Amerudi kutoka shuleni uso umekunjamana, ametupa mkoba.

“Mama, umemwambia hata mlinzi wa shule?”

Nikasema nilipita pale jana na sare nyingine, aliniuliza habari. Akasema hakuniuliza, mlinzi mwenyewe amesema mimi ndiye niliyemsimamisha. Akasema mwenye duka la dawa kamwita kutoka ng'ambo ya barabara kumwambia pole kwa makosa ya mama. Darasa zima linajua habari ya pindo. Wanamwita Pindo.

“Nilikuwa nasafisha jina lako.”

“Mama, hata kukosea kwako lazima kutangazwe?”

Nikakanyaga cherehani ili kuwe na sauti yoyote. Baba yake alikuwa mlangoni akijifanya anatazama mawingu, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Profesa alimwona, akajikaza, akashindwa. Walicheka wote wawili, mimi nikishona.

Baadaye akavuta kiti akanishikia upande wa pili wa shuka nililokuwa nalikunja. Akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba Mwalimu Koti ameandika barua, na shule ile ya bweni imejibu. Mtoto wa pili aliyechaguliwa hajathibitisha kama atakwenda. Asipothibitisha kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi inashuka kwa wa tatu. Bado si hakika. Akaniomba kitu kimoja: hadi barua ya mwisho ije, nisimwambie mtu yeyote. Hata shangazi. Hata mteja. Hata anayepita.

Nimemwahidi, nikamshika mkono kabisa.

Nimejitahidi tangu wakati huo. Wateja wawili wamekuja na kuondoka, nimewapima shingo, nimewapima kifua, nimeuma pini mpaka ulimi umeniuma. Mmoja aliniuliza kama ninaumwa. Ndiyo maana nimeandika hapa. Daftari si mtu.